Mlo maalum: uzito hupungua, lakini je, haurudi?

Mwaka 1863 mzee mmoja wa London, William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza na kusimamia mazishi ya wakubwa, alichapisha kijitabu kwa gharama yake mwenyewe. Humo alieleza jinsi unene ulivyomfikisha mahali pa kushindwa kuinama kufunga viatu, na jinsi alivyolazimika kushuka ngazi kinyumenyume ili magoti yasimuume.

Tabibu wa masikio aliyemwendea, William Harvey, alimwagiza aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Baada ya takriban mwaka mmoja Banting alikuwa amepungua kiasi cha kilo 21. Kijitabu chake kilisomwa sehemu nyingi za Ulaya, na hadi leo Wasweden hutumia neno "banta" kwa maana ya kujinyima chakula ili kupunguza uzito.

Tangu wakati huo milo maalum haijaacha kuzuka. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Robert Atkins, alitoa kitabu kilichowaruhusu watu kula nyama na mafuta mradi waache wanga. Alifariki mwaka 2003 baada ya kuanguka kwenye barafu mjini New York, na miaka miwili baadaye kampuni yake iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai. Mlo wake haukuzikwa naye. Umerejea kwa jina la keto, ukifuatana na kufunga kwa saa kumi na sita, juisi za "kusafisha mwili" na mlo usio na ngano.

Suala si la urembo peke yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 na jarida la kitabibu la Lancet ulikadiria kwamba kufikia mwaka 2022 zaidi ya watu bilioni moja duniani walikuwa na unene wa kupindukia. Kisukari aina ya pili, shinikizo la damu na kiharusi hufuata nyuma ya unene huo, na katika miji ya Afrika Mashariki maradhi hayo yamekwisha kujipanga foleni katika zahanati zile zile zinazopambana na malaria na kifua kikuu.

Kwa Mwafrika aliyehamia ughaibuni kuna jambo la ziada. Taasisi ya Uingereza inayoweka miongozo ya matibabu, NICE, inashauri kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika na ya Asia tahadhari ianze mapema. Kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, BMI, ambacho kwa wazungu huanza kuhesabiwa kuwa uzito uliozidi kinapofika 25, kwao huanza kuangaliwa kinapofika 23, na unene wa kupindukia huhesabiwa kuanzia 27.5 badala ya 30. Sababu ni kwamba kisukari na maradhi ya moyo huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi.

Maji kwanza, mafuta baadaye

Karibu kila mlo maalum huonekana kufaulu katika wiki ya kwanza, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, kiasi cha nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia gramu tatu hivi za maji. Mtu anapoacha wanga ghafla, akiba hiyo hutumika ndani ya siku chache na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo.

Mizani itaonyesha amepungua kilo mbili ilhali mafuta ya tumboni hayajaguswa. Siku atakapokula wali wa harusi, kilo hizo zitarudi kabla ya nguo za sherehe kufuliwa.

Mafuta yenyewe huondoka taratibu, pale tu nishati inayoingia inapokuwa ndogo kuliko inayotumika. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, na gramu moja ya wanga au protini ina kalori nne. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari hubeba kalori 50 za sukari pekee, kabla ya kuhesabu maziwa, na anayekunywa vikombe vitano kwa siku amekwisha kula kalori 250 ambazo hazikumshibisha hata kidogo.

Wanga au mafuta?

Kwa zaidi ya miaka hamsini madaktari wamegombana juu ya kipi kiondolewe sahanini. Mwaka 2008 uchunguzi uliofanyika Dimona, nchini Israel, uliwafuatilia watu 322 kwa miaka miwili. Waliopunguza wanga walipungua kilo 4.7 kwa wastani, waliokula kwa mtindo wa nchi za bahari ya Mediterania kilo 4.4, na waliopunguza mafuta kilo 2.9.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2018, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walitangaza matokeo ya watu 609 waliogawanywa katika makundi mawili. Baada ya miezi 12, kundi la mafuta machache lilikuwa limepungua kilo 5.3 na kundi la wanga kidogo kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Wachunguzi walitaraji kwamba vinasaba au kiwango cha insulini vingeonyesha nani anafaa mlo upi. Havikuonyesha.

Lililojitokeza ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu ndani ya kundi lile lile. Wapo waliopungua kilo zaidi ya ishirini, na wapo walioongezeka. Pande zote mbili zilikuwa zimeagizwa kitu kimoja, nacho ni kula mboga kwa wingi na kuacha sukari na unga uliokobolewa. Huenda agizo hilo lilikuwa na nguvu kuliko ubishi wote wa wanga na mafuta.

Dalili ya jambo hilo ilionekana tena mwaka 2019, katika taasisi za taifa za afya za Marekani. Watu 20 waliwekwa wodini kwa mwezi mmoja. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vilivyopikwa kutokana na mazao halisi. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizoandaliwa zililinganishwa, na kila mtu aliruhusiwa kula atakavyo. Walipokula vya viwandani walizidisha takriban kalori 500 kila siku na wakaongezeka kilo 0.9. Walipokula vya kawaida walipungua kiasi hicho hicho.

Kufunga kwa saa

Mtindo wa kula ndani ya saa nane na kukaa bila chakula saa kumi na sita umepata wafuasi wengi katika miaka ya karibuni. Nchini Tanzania mjadala wa kula mara chache ulipamba moto kutokana na mawaidha ya daktari bingwa wa moyo, Profesa Mohamed Janabi, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kanda ya Afrika.

Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba kufunga kunapunguza uzito, ila si kwa miujiza. Katika uchunguzi wa mwaka mmoja uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2022, watu 139 wenye unene waliagizwa wapunguze kalori. Nusu yao waliongezewa sharti la kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri tu. Waliofunga walipungua kilo 8.0 na wenzao kilo 6.3, na wachunguzi wakahitimisha kwamba tofauti hiyo haitoshi kusema saa ndizo zilizofanya kazi. Faida ya kufunga, kwa hiyo, inaelekea kuwa ni kwamba mlango wa jikoni ukifungwa mapema watu hula kidogo.

Waislamu wanalijua jambo hili kwa uzoefu mrefu zaidi kuliko maabara yoyote. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba watu hupungua kidogo katika mwezi wa Ramadhani, kisha uzito hurudi wiki chache baada ya Idi. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Saumu ya pwani hufunguliwa kwa tende na uji, ikafuatiwa na mihogo ya nazi, viazi vitamu, tambi za sukari na kaimati. Tumbo lililopumzika mchana kutwa hulipwa deni lote kwa usiku mmoja.

Kwa mgonjwa wa kisukari jambo hilo linahitaji tahadhari ya namna nyingine. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolichochea kongosho kutoa insulini, anaweza kushukwa na sukari kiasi cha kupoteza fahamu. Madaktari hutaka wagonjwa wa aina hiyo waende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani, ili dozi zipangwe upya kulingana na futari na daku, au waelezwe waziwazi kwamba kufunga kwao ni hatari. Kupima sukari kwa kutoboa kidole hakuhesabiwi na wanazuoni wengi kuwa kunabatilisha saumu, na hili ni vyema likajulikana, kwani wapo wanaoacha kupima kwa hofu hiyo.

Mwili haukubali kwa urahisi

Swali gumu si jinsi ya kupungua bali jinsi ya kubaki pale. Kati ya mwaka 1944 na 1945, vita vikiwa bado vinaendelea, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu za imani, akawalisha takriban kalori 1,600 kwa siku kwa miezi sita. Walipoteza robo ya uzito wao. Moyo wao ulipiga taratibu, walisikia baridi wakati wa joto, na wakawa hawazungumzi jambo jingine ila chakula. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi.

Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula mno, na mafuta ya mwili yakarudi kwa kiasi kilichozidi cha awali. Inafaa kukumbuka kwamba kalori 1,600 ni nyingi kuliko zile zinazoagizwa na milo mingi inayouzwa leo, ingawa vijana hao hawakuwa wanene tangu mwanzo na walitembezwa maili nyingi kila wiki.

Mwaka 2016 uchunguzi mwingine wa Marekani uliwarudia washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha kushindania kupungua. Walikuwa wamepoteza kilo 58 kwa wastani. Baada ya miaka sita walikuwa wamerudisha kilo 41, na miili yao ilikuwa inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao. Uchunguzi wa Australia, wa mwaka 2011, ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba mwaka mzima baada ya mlo mkali homoni za njaa bado zilikuwa juu na zile za shibe bado zilikuwa chini.

Mwenye kurudisha uzito, basi, hana haja ya kuitwa mlafi au mvivu. Mwili wake unapigana naye kama unavyopigana na ukame. Hata dawa mpya za sindano haziondoi tatizo hilo. Semagluitidi, iliyoidhinishwa kwa ajili ya uzito nchini Marekani mwaka 2021, iliwapunguza watumiaji karibu asilimia 15 ya uzito wao katika majaribio ya wiki 68, lakini walioacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja.

Milo iliyotungwa kwa ajili ya maradhi

Mbali na mizani, ipo milo maalum iliyobuniwa kutibu, na hiyo ina historia ya heshima zaidi. Keto yenyewe haikuanzia kwenye unene. Mwaka 1921 Russell Wilder, wa hospitali ya Mayo nchini Marekani, alipendekeza mlo wenye mafuta mengi sana na wanga kidogo sana kwa wagonjwa wa kifafa, akiiga hali inayoupata mwili wakati wa kufunga, pale ini linapogeuza mafuta kuwa ketoni zinazolisha ubongo.

Dawa za kifafa zilipopatikana mlo huo ulisahauliwa, kisha ukafufuliwa. Katika uchunguzi uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2008, watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza walihusishwa. Miezi mitatu baadaye asilimia 38 ya waliopewa mlo huo walikuwa wamepunguziwa degedege kwa zaidi ya nusu, dhidi ya asilimia 6 ya wasiopewa. Ni mlo mzito kuufuata: kila gramu hupimwa, na mtoto husimamiwa na hospitali. Mzazi asijaribu peke yake nyumbani.

Mlo usio na gluteni nao ulizaliwa katika dhiki. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa akishuku ngano tangu kabla ya vita. Katika majira ya baridi ya njaa ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, watoto wenye ugonjwa wa siliaki, ambao kwa kawaida huhara na kudumaa, walipata nafuu huku wenzao wakikonda. Mkate uliporudi, nao waliugua tena.

Kwa mwenye ugonjwa huo kuacha ngano, shayiri na rai ni dawa ya maisha. Kwa asiye nao hakuna ushahidi madhubuti wa faida, na mikate isiyo na gluteni inayouzwa kwa bei ya juu Ulaya na Ghuba mara nyingi ina nyuzinyuzi chache. Ugali wa mahindi, mtama, ulezi, mihogo na wali havina gluteni kwa asili yake, jambo ambalo matangazo ya biashara hayalitaji.

Ulio na ushahidi thabiti kwa watu wengi ni mlo unaoitwa DASH, uliotungwa kupambana na shinikizo la damu. Mwaka 1997 Wamarekani 459 walilishwa kwa wiki nane bila kubadilishwa uzito wala kiasi cha chumvi. Kundi lililopewa matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa, kunde na maziwa yaliyotolewa mafuta lilishuka shinikizo, na kwa waliokuwa tayari wagonjwa kipimo cha juu kilishuka kwa zaidi ya nukta 11 kuliko kwa wenzao. Hicho ni kiasi kinacholingana na kidonge kimoja. Waamerika weusi walinufaika zaidi ya wazungu. Chumvi ilipopunguzwa pia, katika uchunguzi uliofuata wa mwaka 2001, shinikizo lilishuka zaidi. WHO inataka mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na humo huhesabiwa ile iliyomo katika mkate, achari na vipande vya supu vya viwandani.

Mlo wa Mediterania, wenye mafuta ya zeituni, samaki, kunde na mboga, uliingia katika mashaka kidogo. Uchunguzi mkubwa wa Hispania wa mwaka 2013, uliohusisha watu wapatao 7,400, ulisema mlo huo unapunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2018 watafiti waliuondoa wenyewe baada ya kugundulika kasoro katika jinsi watu walivyogawanywa, wakauchapisha upya. Hitimisho lilibaki karibu lile lile, ila likisemwa kwa sauti ya chini.

Kisukari kinaweza kurudi nyuma

Habari iliyobadilisha fikra za madaktari wengi ilitoka Uingereza Desemba mwaka 2017. Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow walichukua wagonjwa 306 wa kisukari aina ya pili, waliougua kwa chini ya miaka sita na wasiotumia insulini. Nusu yao waliachishwa vidonge siku ya kwanza, wakapewa supu na vinywaji maalum vyenye kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Kisha chakula cha kawaida kilirudishwa hatua kwa hatua, chini ya usimamizi wa wauguzi.

Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Katika kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 4. Kwa waliopoteza kilo 15 au zaidi, idadi ilifikia asilimia 86. Taylor anaeleza kwamba mafuta yanapojaa katika ini humwagikia kwenye kongosho na kuzilemea chembe zinazotoa insulini. Yakiondoka mapema, chembe hizo huzinduka.

Miaka miwili baadaye waliokuwa bado salama walikuwa asilimia 36, na kadiri uzito ulivyorudi ndivyo ugonjwa ulivyorudi. Hata hivyo, huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, NHS, ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 2020.

Karibu washiriki wote wa Uingereza walikuwa wazungu, na hilo lilizua swali la haki kwa wengine. Jibu la kwanza lilitoka Qatar. Uchunguzi uliotangazwa huko mwaka 2020 ulihusu watu wa umri wa miaka 18 hadi 50 wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambao kisukari chao hakikuzidi miaka mitatu. Asilimia 61 ya waliowekwa katika mlo mkali na mazoezi walipona kwa kipimo hicho baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 12 ya waliopewa matibabu ya kawaida.

Neno "mapema" ndilo la kushikilia hapa. Aliyeugua kwa miaka kumi na mitano hana matumaini sawa, na mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, hana mlo utakaomponya. Wapo wagonjwa wa aina hiyo wanaoacha sindano baada ya kuahidiwa uponyaji kwa mlo au majani. Ndani ya siku chache damu hujaa asidi, na wengine hawafiki hospitali wakiwa hai.

Kutoka Mulago hadi Moshi

Ajabu ni kwamba sehemu ya elimu ambayo nchi za Magharibi huwauzia watu leo kwa jina la "nyuzinyuzi" ilianzia Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946, na Hugh Trowell, aliyehudumu kwa muda mrefu Kenya na katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, waliona kwamba maradhi ya kila siku ya Ulaya yalikuwa adimu kwa wagonjwa wao. Bawasiri, ugonjwa wa kidole tumbo, kufunga choo kwa miaka, saratani ya utumbo mpana na kisukari cha ukubwani havikuonekana sana miongoni mwa watu waliokula ndizi, mtama, maharage na viazi vitamu.

Walirudi Uingereza wakasema kosa ni la unga mweupe na sukari. Mwaka 1975 walihariri kitabu juu ya nafaka zilizokobolewa na maradhi, na Burkitt akawa mhubiri wa pumba hadi kufa kwake mwaka 1993. Si kila alichodai kimethibitika, lakini kiini chake kimesimama.

Mwaka 2015 wachunguzi waliwabadilishia chakula watu 20 wa Pittsburgh, Waamerika weusi, na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Kwa wiki mbili Wamarekani walikula nafaka na kunde, na Waafrika wakala nyama na vyakula vya mafuta. Muda huo mfupi ulitosha kubadilisha bakteria wa utumbo na dalili zinazohusishwa na saratani: kwa Wamarekani zilipungua, kwa Waafrika ziliongezeka.

Jaribio la karibu zaidi na nyumbani lilichapishwa mwaka 2025. Wanaume 77 wenye afya, wa mkoa wa Kilimanjaro, walishirikishwa na watafiti wa Tanzania na Uholanzi. Waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, na waliozoea cha mjini wakapewa cha asili: nafaka, maharage, ndizi, mboga za majani. Kundi la tatu lilipewa mbege kwa wiki moja. Walioacha cha asili walionyesha katika damu alama za mwili unaojihami kana kwamba umeshambuliwa, hali ambayo ikidumu hufungua njia ya kisukari na maradhi ya moyo. Walioingia kwenye cha asili, na hata wanywaji wa mbege, walielekea upande wa pili. Baadhi ya mabadiliko yalionekana bado wiki nne baada ya jaribio kwisha.

Matokeo hayo si ruhusa ya kilevi, wala hayasemi kwamba kila kinacholiwa kijijini ni dawa. Sembe nyeupe iliyoondolewa pumba na kiini, ikarundikwa sahani nzima na kijiko cha mchuzi, haina uhusiano mkubwa na chakula alichokiona Burkitt. Dona, ulezi na kunde ndivyo vinavyokifanana.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Mlo usio na nyama una sifa zake. Uchunguzi wa zaidi ya Waadventista Wasabato 73,000 wa Amerika Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2013, uligundua kwamba wasiokula nyama walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 12 katika muda wa uchunguzi. Lakini anayeacha pia mayai na maziwa hana budi kutafuta vitamini B12 katika vidonge au vyakula vilivyoongezwa, kwa sababu mimea haina. Upungufu wake huja polepole, baada ya miaka, kwa ganzi ya miguu na upungufu wa damu. Na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya maharage na mchicha yasifyonzwe, hivyo ni afadhali isubiri saa moja.

Mwenye figo dhaifu anaweza kudhurika kwa yale yale yanayosifiwa kwa wengine. Ndizi, parachichi, nyanya na maji ya madafu yana potasiamu nyingi, na figo isipoweza kuitoa moyo huenda mrama. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa wagonjwa wa shinikizo la damu mara nyingi ni potasiamu pia. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asianze ghafla kula kisamvu na sukuma wiki kila siku, kwani vitamini K iliyomo huishinda dawa. Anachotakiwa ni kula kiasi kisichobadilikabadilika.

Wanaotumia vidonge vya kisukari vya kundi la empagliflozini na dapagliflozini wasiingie kwenye keto bila idhini, kwa kuwa damu yao inaweza kujaa asidi hata sukari ikionekana ya kawaida. Kupungua kwa kasi huleta mawe katika kifuko cha nyongo. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na waliowahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula hawamo katika tafiti nyingi zilizotajwa, na milo mikali haikukusudiwa wao.

Anayemeza vidonge vya shinikizo la damu au kisukari naye humwambia daktari kabla ya kuanza, si baada. Mlo ukifanya kazi, dozi ya jana huwa kubwa mno kwa mwili wa leo, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kizunguzungu wakati wa kuinuka kitandani au kwenye mkeka.